Kidole cha mguu kilichojikunja: kishike ukinyooshe kwanza, ndipo uwaze kisu

Mleta mada, umeuliza kama kidole chako cha pili kilichojikunja na kuota sugu juu ni cha kupasuliwa, au kitanyooshwa na vile vitenganisha vidole vya silikoni. Mimi ninacho kama hicho miaka mingi sasa.

Kaa chini, kishike, ukinyooshe taratibu kwa mkono. Kikinyooka, una nafasi nzuri ya kukituliza bila upasuaji. Kikigoma, kiungo kimeshakakamaa, na hakuna zoezi litakalokirudisha. Daktari wa mifupa alianzia hapohapo kwangu, kabla hata ya eksirei. Changu kilinyooka.

Kidole kinashikiliwa na kano za juu na za chini zinazovutana. Kiatu chembamba mbele kinakibana, na kisigino kirefu kinausukuma mguu wote huko mbele, basi kidole kinajikunja ili kipate pa kukaa. Kikizoea hivyo, kano zinafupika na hakinyooki hata ukiwa peku. Sisi wenye kidole cha pili kirefu kuliko gumba ndio tunaoanza kuumia. Ila msilaumu viatu tu: kisukari kikiharibu neva, baridi yabisi, kiharusi, hata gumba lililopinda likamsukuma jirani yake, vyote huleta hali hii. Vidole vikijikunja ghafla, au ukihisi ganzi, nenda hospitali.

Kilichonisaidia zaidi ni kubadili viatu. Simama juu ya karatasi, chora unyayo wako, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni, hicho kiatu si chako, hata muuzaji aape kwamba kitatanuka. Pima jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, fuata mguu ulio mkubwa, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Silikoni inazuia msuguano, basi. Ukiivua, kidole kinarudi kilikokuwa, na ndani ya kiatu cha kubana inaongeza kubana. Mimi nakinyoosha kwa mkono kila jioni na kuvuta taulo sakafuni kwa vidole. Maumivu yamepungua sana, umbo limebadilika kidogo tu.

Sugu loweka, usugue kwa jiwe. Wembe hapana. Mwenye kisukari asiguse kabisa zile plasta zenye asidi, maana kidonda kinaweza kuchimbika bila yeye kuhisi. Amwachie mhudumu wa afya.

Dada yangu chake kilikuwa kimekakamaa, akapasuliwa. Pini ya chuma ya kushikilia mfupa ilitokeza kwenye ncha ya kidole kwa wiki kadhaa, na uvimbe ulichukua miezi kuisha. Kiungo kile sasa hakikunjiki, lakini anavaa viatu bila maumivu na hajuti.

Jaribu kukinyoosha leo, kisha utuandikie hapa kimefika wapi. Na useme kama una kisukari, maana ushauri utabadilika.