Pikipiki kuchemka kwenye foleni

Mkuu, umeuliza kwa nini pikipiki yako inachemka kwenye foleni. Kama injini yako inapozwa na upepo ni rahisi kuchemka hapo, maana usipotembea upepo utoke wapi? Magari yakisimama zima kabisa, na acha kuning'iniza klachi nusu nusu, hapo ndo joto linapanda na pleti za klachi zinaungua. Ila mi ningeanza na oili, cheki kipimo, ikiwa imepungua ongeza, na weka gredi iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki sio ile fundi anayokuwa nayo mkononi siku hiyo. Zile mbavu mbavu za silinda zikijaa tope safisha. Yenye rejeta, yaani inayopozwa na maji, angalia kulenti (maji ya kupozea injini) na feni. Halafu usimwagie maji ya baridi injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka.