Kenge, swila na kifutu bustanini: usimwage oili, safisha banda

Mkuu, umesema kenge umemkuta akitoka bandani na yai mdomoni, na wiki hiyohiyo shemeji kaona nyoka wa rangi ya udongo akijipenyeza kwenye rundo la matofali nyuma ya nyumba. Wadau wamekushauri umwage oili chafu, dizeli, chumvi na vitunguu swaumu kuzunguka uwanja. Tafadhali usimwage. Nimeishi Bigwa, Morogoro, chini ya Uluguru, mwaka wa tisa sasa, na mwaka wa kwanza nilimwaga oili mstari mzima kuanzia choo mpaka geti. Asubuhi ya pili nilikuta mburuzo wa tumbo umekatiza ule mstari bila hata kupinda. Masika yalipoanza, mvua ikasomba oili yote mpaka kwenye matuta ya mchicha, na tuta lile halikuota kitu msimu mzima.

Nyoka hana haja na nyumba yako. Anafuata panya na vyura, na panya anafuata pumba. Mimi nilikuwa naweka gunia la pumba chini, ndani ya banda la kuku, limeegeshwa ukutani. Nilipolihamisha siku moja nilikuta kiota cha panya kimefumwa kwa nyuzi za gunia lenyewe, na vitoto saba vyekundu ndani yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyoka nilikuwa namwandalia chakula mwenyewe.

Lakini nilichelewa kuelewa. Kabla ya hapo, mama mkwe alikuja kututembelea. Saa mbili usiku kuku wakaanza kelele, naye kwa wema wake akatangulia kufungua banda, tochi ya simu mkononi. Nilisikia tu, "Macho yangu!" Alikuwa swila, yule nyoka anayetema sumu. Swila huinua kichwa na kulenga uso, na mate yake hufika mita mbili au tatu. Akiwa mkubwa hutembea zaidi usiku, ila watoto wake unaweza kuwakuta mchana kweupe. Mama alikuwa anajifikicha kwa kanga. Nilimshika mikono yote miwili, nikamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya bomba la tenki, nikamwaga maji, jagi kwa jagi, jicho moja kisha jingine, huku nikimwomba ajitahidi kuyafumbua. Dakika ishirini kamili, maana mke wangu alikuwa anaangalia saa. Jirani mmoja akaleta maziwa, mwingine akasema mkojo. Nikawashukuru, nikaendelea na maji. Kisha tukaenda hospitali usiku uleule, wakakagua kama kioo cha jicho kimechubuka, wakampa dawa ya kupaka. Baada ya siku nne alikuwa anasoma Biblia yake kama kawaida. Naomba msome hapo kwa makini: mate ya swila yakiachwa machoni yanaweza kumpofusha mtu, na kujifikicha kunaongeza madhara. Maji safi, mengi, muda mrefu, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kifutu, yule nyoka mnene mwenye sumu, ni habari nyingine kabisa, na kwa mtu wa bustani ndiye ninayemhofia kuliko hata koboko. Koboko akisikia vishindo vyako mara nyingi anaondoka. Kifutu hakimbii. Analala palepale akiamini rangi yake imemficha, na kwa kweli imemficha. Nilikuwa nachuma majani ya maboga, nimeinama, mkono umeshaingia chini ya majani mapana, nikasikia pumzi kama tairi linalotoa upepo. Nikaganda. Ilinichukua muda kumwona: mnene kama mkono wangu kwenye kiwiko, mfupi, na mgongoni ana mistari kama herufi ya V iliyopangwa moja nyuma ya nyingine. Alikuwa shibiri mbili kutoka vidoleni kwangu. Nilirudi kinyumenyume hatua moja moja, nikawafungia watoto ndani, nikampigia afisa wanyamapori wa wilaya. Alikuja na fimbo yenye ndoano na ndoo yenye mfuniko, na muda wote huo, karibu masaa matatu, kifutu hakusogea. Tangu siku ile siingizi mkono nisipopaona. Natanguliza fimbo kwanza, napekecha majani, ndipo nachuma. Na usiku hakuna mtu wa nyumba hii anayekwenda chooni bila tochi na viatu, hata kama choo kiko hatua kumi, kwa sababu kifutu hupenda kulala njiani na wengi huumwa mguuni baada ya kumkanyaga.

Sasa kenge wako. Mwaka wa pili nilimuua mmoja kwa panga, na najuta. Huyu hana sumu ya kuua mtu kama wengi wanavyodhani. Ana meno, kucha na mkia unaochapa kama mjeledi, na mbwa akimkabili anaweza kuumia vibaya, lakini ukimwachia njia anakwenda zake. Usimzibie mlango tu. Anakula konokono, panya, mizoga, na nyoka pia. Yai anakula kwa sababu tumeliacha wazi. Kosa lilikuwa la banda langu: mlango ulikuwa na uwazi wa vidole vinne chini, na dirishani nilikuwa nimeweka ule wavu mwepesi wa kuku ambao kenge anauchana kwa kucha. Nikaweka wavu wa chuma wenye matundu madogo, nikaufukia shibiri moja ardhini, nikapigilia ubao chini ya mlango. Mayai tunaokota asubuhi na jioni. Sijapoteza yai tena, na kenge bado anapita uani akitokea korongoni.

Nguchiro nao wanaonewa. Wale wenye milia wanaotembea kundi zima wakilia-lia wanachimbua mbawakawa, majongoo na funza, na wakipita kwenye bustani yangu nafurahi. Anayenyakua vifaranga ni yule mwembamba anayetembea peke yake, mwenye ncha nyeusi mkiani, na yeye pia dawa yake ni wavu. Komba anayelia juu ya mwembe usiku kama mtoto mchanga hana ubaya wowote na mtu. Tumbili sina cha kukusaidia zaidi ya mbwa na mtu wa kukaa shambani mahindi yakianza kukomaa.

Ikitokea mtu kaumwa, maana hili ndilo linaloua watu wetu: usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipoteze saa nzima kusubiri jiwe la nyoka. Vua pete, bangili na saa kabla hajavimba. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitembezwe, kifunge na ubao kama mtu aliyevunjika, akimbizwe hospitali. Kama usafiri ni pikipiki, akae katikati, mtu mwingine nyuma amshike. Na ujue leo hii, kabla ya lolote, ni hospitali ipi kwenu yenye dawa ya sumu ya nyoka. Kijana wa jirani yangu alipoumwa, walianzia zahanati ya karibu, dawa hakuna, wakaanza safari upya na mguu umeshavimba mpaka pajani. Alipona, lakini kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi wao ni wakulima na watoto, watu wa bustani kama sisi. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitalini. Ukiweza kumpiga picha ukiwa mbali inatosha, na usipoweza, acha.

Kwa hiyo anza na lile rundo la matofali. Usilifumue leo jioni. Subiri kesho saa nne, jua limetoka, watoto wakiwa shule. Vaa buti za mvua, suruali nzito na miwani yoyote uliyonayo, chukua reki yenye mpini mrefu, vuta tofali moja moja ukianzia juu, ukisimama upande ambao hujamzibia nyoka njia ya kutokea porini. Matofali yapange juu ya mbao, yawe na nafasi chini unayoweza kuimulika. Pumba ingiza kwenye pipa lenye mfuniko. Nyasi zilizogusa ukuta fyeka mita mbili. Ukimkuta bado yumo, rudi nyuma, mwache mtu mmoja mwenye subira amwangalie kwa mbali, upige simu kwa afisa wanyamapori.