Macho ya njano, choo cheupe: msisubiri arobaini

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu wa kiume ana wiki tano. Alizaliwa na kilo 3.2, ananyonya vizuri na amenenepa. Tatizo ni macho: yalianza kuwa ya njano siku ya tatu na mpaka leo hayajasafika. Zahanati waliniambia nimwoteshe jua la asubuhi, namwotesha uani kila siku. Sasa choo chake kimepauka, kama ule udongo wanaokula wajawazito. Mama mkwe anasema ni chango, tusitoke naye mpaka arobaini, tumtahiri, halafu kama bado tumpeleke hospitali. Nifanyeje?
Mama wa Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikupigia simu siku ileile, maana barua kama yako haingoji toleo. Hapa nawaandikia wengine wenye mtoto wa njano ndani.

Manjano peke yake hayanitishi. Watoto wengi huyapata siku ya pili au ya tatu, na kwa aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi huisha ndani ya wiki mbili. Wanaonyonya maziwa ya mama tu wanaweza kuchelewa zaidi, lakini choo chao hubaki na rangi ya bizari. Kilichonishtua ni huo udongo.

Choo hupata rangi kutokana na nyongo, inayotoka kwenye ini na kupita mirija myembamba hadi utumboni. Wapo watoto wachache, kama mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000, ambao mirija hiyo huziba mapema. Nyongo ikikosa njia hubaki kwenye ini na kulitia makovu, na rangi yake hurudi kwenye damu na kutokea machoni na kwenye mkojo. Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu nepi. Mkojo wa mtoto mchanga huwa karibu kama maji. Wewe ukaniambia doa halitoki hata kwa sabuni. Jua halizibui mrija, mwanangu. Na dawa yoyote ya chango msimpe, ini lake tayari limeelemewa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kumpita mtoto wa namna hii. Nilikuwa muuguzi kijana wa kliniki. Mama alimleta chanjo ya wiki ya sita, nikampima, mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa unapanda, nikaandika "anaendelea vizuri". Nepi sikuifungua. Aliporudi akiwa na miezi minne, tumbo lilikuwa limejaa maji. Watoto hawa hunenepa na kucheka wiki za mwanzo, na hapo ndipo sisi wauguzi tunapodanganyika. Tangu siku ile, mtoto wa njano aliyepita wiki mbili sikumruhusu kuondoka kabla sijaona choo chake.

Upasuaji upo. Daktari Morio Kasai wa Japani aliubuni miaka ya 1950: mirija iliyokufa huondolewa, kipande cha utumbo huvutwa juu na kushonwa kwenye ini ili nyongo ipate pa kupita. Hufaulu zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Sikufichi: wapo ambao baadaye huhitaji ini jingine. Lakini kila wiki inayopita hupunguza nafasi. Tena si kila choo cheupe ni ugonjwa huu, kwa hiyo kwanza apimwe damu, na bilirubini, yaani ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, wasipime jumla tu, waigawe mafungu yake mawili: iliyokwisha kushughulikiwa na ini na ambayo bado. Kisha ultrasaundi kabla hajanyonya.

Kutahiri kuahirishwe kabisa. Bila nyongo, mwili haufyonzi vizuri vitamini K, na bila hiyo damu haigandi. Kidonda kidogo kinaweza kumwaga damu nyingi. Mama mkwe nilizungumza naye mwenyewe. Nilipomtajia damu alinyamaza, kisha akauliza basi la kwanza la Tanga linapita saa ngapi.

Walifika hospitali ya Bombo, Tanga, Jumanne na nepi chafu ndani ya mfuko wa plastiki, kama nilivyowaagiza. Daktari aliifungua na kuitazama dirishani, palipo na mwanga, akaagiza vipimo siku hiyohiyo, na majibu yakamfanya awaandikie rufaa. Arobaini imewakuta Muhimbili, wodi ya watoto, wanasubiri zamu ya upasuaji.