Fundi Aulize: Mkanda wa msasa unaokufa mapema

SWALI: Natengeneza mapanga na visu vya kuparia samaki kwa springi za gari. Mashine yangu ina mota ya mizunguko 2,800 kwa dakika na roda ya milimita 150. Natumia mkanda wa msasa namba 60, ule wa kahawia. Nikimaliza visu vinne unang'aa, hauli tena, na chuma kinageuka bluu. Mingine inakatikia kwenye kiungo ikiwa bado mipya. Ninunue upi?
Msomaji, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Ndugu fundi, namba si tatizo kubwa; tatizo ni punje, yaani chembe za kusagia zilizogandishwa kwenye mkanda. Mkanda huo kwa kawaida ni wa alumini oksaidi. Punje zake huisha ncha zikawa butu, na punje butu haikati, inasugua tu. Joto linatoka hapo. Bluu hutokea chuma kikifika nyuzi joto 300 hivi, na kwa kisu kilichokwisha kuzimwa kwenye mafuta (kupashwa moto na kuchovywa ili kiwe kigumu), makali yamelegea. Kuifuta rangi hakurudishi ugumu.

Kwa kuondoa chuma kingi, nunua mkanda wa seramiki namba 36 au 40 (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa), wenye kitambaa kizito: nyuma utaona herufi X au Y. Punje za seramiki humeguka zenyewe na kutoa ncha mpya, ila zinataka mgandamizo na kasi. Mashine yako inakimbia mita 22 hivi kwa sekunde, inatosha. Kandamiza kwa nguvu. Ukiupapasa tu, mkanda wa bei utakufa kama ule wa kahawia. Ukiukosa dukani, chukua wa punje za zirkonia.

Ukishapata umbo, nenda 60, 120, kisha 240. Hapa alumini oksaidi inafaa sana, na haina gharama kubwa. Kila ukibadili namba, geuza kisu kidogo ili mikwaruzo mipya ikate ile ya zamani. Usisonge mbele hadi ya zamani iishe yote. Ukisaga kisu kilichokwisha kuzimwa, tumia mkanda mpya, shika bila glovu, na uchovye majini kila baada ya mpito mmoja. Glovu inaficha joto, na ikinaswa inavuta mkono.

Kuhusu kukatika: tazama mshale uliochapwa nyuma. Kama kiungo kimepandiana, mkanda ukizunguka kinyume cha mshale hubanduka. Sababu nyingine ni unyevu, na nyinyi wa ziwani mnaujua, hasa Novemba hadi Aprili. Gundi hulegea, mkanda hujikunja. Uning'inize kwenye bomba nene la milimita 100 au zaidi, mbali na ukuta na sakafu ya saruji. Msumari huacha kunjo, na kunjo ndilo litakalokatika. Jioni legeza mvuto wa mkanda kwenye mashine.

SWALI: Mipini ya mninga inajaza mkanda unga. Nifanyeje?
Msomaji, Kiloleni, Tabora

JIBU: Tumia mkanda wenye punje zilizoachiana nafasi, namba 80, na ukandamize kidogo. Ukijaa, usafishe kwa kipande cha soli ya raba ya krepu huku mashine ikizunguka. Vaa barakoa: vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Na kabla hujarudi kusaga chuma, zoa unga wote chini ya mashine. Cheche moja ikidondokea humo hufuka moshi taratibu, na moto unaweza kuwaka baada ya wewe kufunga karakana.