Maswali Yenu: Majarida ya Katuni ya Zamani

SWALI: Nina majarida ya katuni thelathini hivi. Jalada ni la rangi, ndani ni nyeusi na nyeupe. Hadithi ni za mazimwi, safari za anga za juu na mashujaa. Bei ni 1/-, mwaka haupo popote. Je, yalichapwa huku enzi za shilingi ya Afrika Mashariki?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hiyo ni shilingi ya Uingereza. Yetu ilikuwa na thamani sawa nayo na iliandikwa vivyo hivyo, ndiyo maana wengi huchanganyikiwa. Tafuta maandishi madogo upande wa ndani wa jalada, au chini ya ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Ukikuta jina la kampuni ya Alan Class na London, basi ni yake: kampuni hiyo ilichapa upya hadithi za Kimarekani kuanzia 1959 hadi 1989, bila kuweka tarehe. Itakubidi ufuate bei. Uingereza iliacha shilingi tarehe 15 Februari 1971, kwa hiyo nakala yenye 1/- peke yake ni ya kabla ya hapo.

Kisha angalia waliomo. Ukimkuta Spider-Man, aliyetokea mara ya kwanza katika jarida la Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, nakala hiyo haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo. Inaweza kuwa changa, hata kwa miaka mingi, maana hadithi hizo zilirudiwa sana.

SWALI: Jarida la kutisha lisilo na muhuri wa Comics Code (kanuni za maadili za wachapishaji wa katuni wa Marekani) ni la kabla ya 1955?
Msomaji, Mbale

JIBU: Si lazima. Muhuri huo ulianza kuonekana 1955, lakini wachapishaji Dell na Gold Key hawakuutumia kabisa. Jarida la kutisha la Creepy, lililoanza 1964, lilitoka kwa umbo kubwa la gazeti, nyeusi na nyeupe, makusudi kabisa ili kuukwepa.

SWALI: Nauziwa Action Comics namba 1 ya 1938, ile ya kwanza kuwa na Superman, bei ya jaladani senti 10. Nitajuaje kama ni yenyewe?
Msomaji, Arua

JIBU: Chukua rula. Ya 1938 ina upana wa karibu sentimita 19.5 na urefu wa 26.5. Mwaka 1974 DC, wachapishaji wake, walitoa nakala kubwa, karibu 25 kwa 34, yenye jalada la ziada kwa nje linaloeleza kuwa ni marudio. Mjanja akilibandua, kinachobaki kinafanana na ile ya kwanza mpaka matangazo yake. Kama umetumiwa picha ya simu tu, mwambie apige nyingine rula ikiwa imelazwa juu ya jalada. Akianza visingizio, achana naye.

SWALI: Majarida yangu yalilowa mvua; sasa pini zimeshika kutu na kurasa zimenata. Fundi wa Nasser Road anataka kuyalamineti. Nikubali?
Msomaji, Kampala

JIBU: Hapana! Joto la ile mashine huyeyusha gundi mpaka ndani ya karatasi, na haitoki tena. Karatasi yenyewe ni ya aina ya gazeti, asidi imo ndani yake. Itazidi kugeuka rangi ya chai humo humo.

Majalada yanayong'aa yatenganishe yakiwa bado na maji, kwa sababu yakikauka yamegusana hayaachani. Weka karatasi ya kuokea keki katikati. Kurasa za ndani zikilowa huchanika kama ugali, usizivute. Pachika tishu nyeupe kila baada ya kurasa tano au sita, uzibadilishe kila saa chache. Feni ielekee ukutani. Jua hapana.

Pini ambayo kutu yake haijapakaa karatasini iache. Iliyopakaa, fungua katikati, inyooshe miguu yake kwa kisu butu, uivute kwa upande wa mgongo. Shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Mkusanyaji atapunguza bei kwa sababu hiyo, lakini kutu ingekula karatasi yenyewe.

Yakishakauka kabisa, tia kila moja kwenye mfuko wa polipropilini. Kaveera (mfuko wa plastiki) lenye harufu kali mara nyingi ni la plastiki aina ya PVC, nalo hung'oa wino. Sanduku la bati liweke juu ya matofali, mbali na ukuta, na ulikague kila wiki: mchwa hupanda kwa njia ya udongo, na njia hiyo utaiona kwenye tofali kabla hawajafika.