Shikeni kazi moja: kwa wanaotaka kuanzisha klabu ya kujitolea

Vijana huniuliza mara kwa mara namna ya kuanzisha klabu ya huduma kwa jamii mtaani kwao, na karibu wote huja na orodha ndefu. Watatembelea yatima, watapanda miti, watasafisha ufukwe, watagawa madaftari, watachangia damu. Nia ni njema kabisa. Mimi ni mwanachama wa klabu ndogo hapa Tanga, na jibu langu kwao halibadiliki: chagueni kazi moja, muishike mpaka watu wa mji wawajue kwayo, ndipo mfikirie ya pili.

Tazameni klabu kongwe zilivyofanya. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na shughuli zake ni nyingi, lakini kazi iliyowapa heshima dunia nzima ni ya kupambana na polio. Waliianza rasmi mwaka 1985 na hawakuiacha. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio. Fikiria ni marais wangapi wa klabu waliingia na kutoka katika miaka hiyo, kila mmoja akipokea kazi ileile kutoka kwa mwenzake. Lions nao, walioanza mwaka 1917, waliombwa na Helen Keller mwaka 1925 wawatumikie wasioona, na mpaka leo wanajulikana kwa huduma za macho.

Sisi tumeshika damu. Tuliichagua baada ya kwenda kuwauliza wataalamu wa maabara ni kitu gani hukosekana. Walitutajia mama anayetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kijana wa bodaboda aliyegongwa barabarani. Hao wote hawawezi kungoja mpaka watu wapatikane. Na jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Ikihifadhiwa vizuri kwenye jokofu lake, damu hudumu takriban siku 35, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikitengwa hudumu siku 5 tu. Kwa hiyo tamasha moja kubwa la mwaka, lenye ngoma, fulana na mgeni rasmi, haliwezi kumsaidia mgonjwa wa miezi mitatu baadaye. Watu wachache wanaokuja kila msimu wana faida kuliko umati wa siku moja. Hilo peke yake lilitufundisha namna ya kuendesha klabu.

Tukaanza kuitazama kalenda. Sehemu kubwa ya wachangiaji ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa Juni na Desemba damu hupungua. Hupungua pia mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mtu aliyefunga hashauriwi kutoa damu mchana. Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, watu huhamasika bila hata kuitwa na sisi. Basi siku zetu tunazipanga pale penye pengo: katikati ya likizo ya Desemba, na Ramadhani baada ya tarawehe, watu wakiwa wameshafuturu na kunywa maji ya kutosha. Zoezi la usiku lina gharama zake, lazima taa ziwepo na wataalamu wawe na usafiri wa kurudi nyumbani, lakini mwitikio wake hunifurahisha kuliko siku nyingine yoyote.

Jambo la kuelewa mapema: klabu haitoi watu damu. Hiyo ni kazi ya timu ya damu salama kutoka hospitali, na inaombwa kwa barua mapema, huku serikali ya mtaa ikiwa na taarifa. Kazi yenu ni kuwaleta watu, kutafuta kivuli, viti, maji, soda na biskuti. Ngamiani tunaanza saa mbili asubuhi, kwa maana joto la Tanga na unyevu wake likifika saa sita hata mzima hulegea. Pale mwanzo wa foleni awepo mwanachama mwenye lugha nzuri anayetaja masharti kabla mtu hajapoteza muda: umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanamume apumzike miezi 3 kabla ya kutoa tena na mwanamke miezi 4, mjamzito na anayenyonyesha wasitoe. Kinachotolewa ni kama mililita 450. Akimaliza akae, anywe, asiruhusiwe kupanda bodaboda papo hapo.

Kuna watu watarudishwa, pengine kwa sababu wingi wa damu hautoshi au shinikizo liko juu. Hapa nawasihi muwe waangalifu sana. Mtu ameacha biashara yake akaja kwa moyo mweupe, kisha anaambiwa mbele ya majirani kwamba hafai. Aambiwe pembeni, apewe soda kama wenzake, na akitaka kukaa apewe kazi ya kupokea watu. Baadhi ya wanachama wetu hodari waliingia kwa mlango huo. Vilevile fomu za wachangiaji msiziguse. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na majibu ni siri ya mchangiaji na mtaalamu. Picha nazo ziwe kwa ridhaa. Naona klabu zinazomwekea mtu kamera usoni sindano ikiwa mkononi, na sipendi hata kidogo.

Uvumi utaukuta, hasa ule wa kwamba mnakusanya damu mkaiuze. Usibishane na mzee barazani. Mzee mmoja aliniita kwenye kahawa, nikamwamkia, akasema: "Mwanangu, dada yako alipolazwa mkoa mwingine tuliambiwa tulete ndugu watatu watoe damu ndipo ahudumiwe. Hii mnayochukua nyinyi inakwenda wapi?" Swali lake lilikuwa la haki, na mimi si mtaalamu. Nikamwomba mhudumu wa maabara aje akae naye. Alimweleza kwa utulivu kwamba ndugu hutafutwa usiku kwa sababu jokofu ni tupu, na kwamba likiwa na akiba mgonjwa huongezewa kwanza bila familia kuhangaika. Alimweleza pia damu inavyopimwa na kwa nini nyingine hutupwa. Zoezi lililofuata mzee alileta wajukuu zake wawili. Tangu siku hiyo kila tunapokwenda tunaomba mtaalamu mmoja asikae kwenye sindano, akae kwenye maswali.

Fedha nitazisema kwa ufupi: michango iandikwe, matumizi yasomwe mbele ya wote kila mwezi, na anayeshika pesa asiwe ndiye anayeidhinisha.

Siwakatazi kushiriki mambo mengine. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, basi ungeni mkono mtaa wenu, hakuna haja ya kuanzisha siku yenu. Kwenye kupanda mikoko nendeni kama wageni. Misitu hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na vijiji vya pwani vina kamati zake na wavuvi wanaolijua tope lile tangu utotoni. Wao ndio watakaowaambia kwamba mikoko ina aina zake: mlilana husimama mbele kukabiliana na mawimbi, mkoko wenyewe huja nyuma yake kwenye tope, na mkandaa hupenda kule ndani kunakofikiwa na bamvua, yale maji makubwa ya bahari. Klabu inayokuja na gari, ikachomeka miche ya aina moja kwenye mchanga wowote ulio karibu na barabara, ikapiga picha na kuondoka, imepanda vijiti. Tanga tunaambiwa ni mji wa waja leo waondoka leo. Huduma haiwezi kwenda hivyo. Kama hamna nafasi ya kurudi kuangalia miche, wasaidieni wanakijiji kununua mifuko ya kitalu na kazi muwaachie wao.

Narudi kwenye damu, maana kuna jambo moja lililotusaidia kuliko mengine yote, na halina gharama kubwa. Tuna daftari. Anayekubali, na ni lazima akubali mwenyewe, tunaandika jina lake, simu na tarehe aliyotoa. Muda wake ukitimia anapata ujumbe ulioandikwa na mwanachama anayemfahamu, si ujumbe mmoja uliorushwa kwa watu wote. "Kaka, habari za nyumbani? Miezi mitatu imetimia. Jumamosi tutakuwa Ngamiani kuanzia saa mbili. Kula kwanza, kunywa maji, na kama hujisikii vizuri usije, tutaonana safari nyingine." Wazee na mama zetu tunawapigia simu. Kila mwanachama mpya anapewa majina machache ya kufuatilia siku ileile anayojiunga, kabla ya fulana na kabla ya kitambulisho. Asiyepiga simu hizo kwa misimu miwili tunamuuliza kwa upole kama bado ana nafasi, na majina yake anapewa mwingine.