Maswali Yenu: Lugha ya Programu ya D kwa Anayeanza

Nimeandika programu ya kujumlisha mauzo ya kibanda cha mama. Nimeanza na `double jumla;`, nikaongeza kila mauzo, lakini mwishoni naona `nan`. Kompyuta ni mbovu? (Kayole)

Kompyuta yako ni nzima. Kigeu (jina linalobeba thamani ndani ya programu) usichokipa thamani, D hukipa yenyewe. `int` (namba kamili) huanza na 0, lakini `double` (namba ya desimali) huanza na NaN, yaani "si namba". NaN ni mafuta ya taa kwenye chai: tone moja tu, na sufuria nzima hainyweki hata uongeze maziwa kiasi gani. Imefanywa hivyo makusudi, ili usahaulifu wako ujianike mapema badala ya kujificha nyuma ya sifuri. Andika `double jumla = 0;`. Ila hizi ni pesa za mama, kwa hiyo mimi ningehesabu senti kwa `long` (namba kamili kubwa), maana `double` haiwezi kuhifadhi hata 0.1 kamili.

Nilinakili majina ya wanachama wa chama chetu: `auto nakala = majina;`. Nikibadilisha `nakala[0]`, `majina` nayo inabadilika! (Umoja)

Hukunakili kitu, ndugu yangu. Safu (orodha ya thamani) kama `string[]` hubeba mambo mawili tu: urefu, na mahali data ilipo kwenye kumbukumbu. Ulichofanya ni kuchonga ufunguo wa pili wa nyumba ile ile. Mwenzako akipaka rangi ukutani, utaikuta. Nakala ya kweli ni `majina.dup`.

Kuna mtego mwingine, na huu ulinikesha usiku mzima. Ukiongeza jina kwa `~=`, na nafasi ikawa haitoshi, D huhamishia safu hiyo kwingine. Kuanzia hapo kila moja ina nyumba yake, na mabadiliko hayaonekani tena upande wa pili. Ndiyo maana kosa hili leo lipo, kesho halipo.

Mbona 7 / 2 inanipa 3? (Rongai)

Zote ni namba kamili, kwa hiyo D hutupa sehemu ya desimali. Andika 7.0 / 2.

Nipakue kompaila gani (kifaa cha kugeuza msimbo kuwa programu): DMD, LDC au GDC? (Kasarani)

DMD. Inakusanya msimbo upesi, na anayeanza hukosea na kujaribu upya mara mia kwa siku. Programu ikikamilika na ukitaka ikimbie zaidi, ikusanye upya kwa LDC.

Nitapata kazi ya D hapa Nairobi? (Ngara)

Kodi ya nyumba ilipwe na Java au Python kwanza. Mimi mwenyewe D huifungua saa tatu usiku, nikishatoka kwenye foleni ya Thika Road.